Siagi ya kukunjia ya asilimia 84: uzoefu wangu kwenye feuilletage
Siagi hii ya Kifaransa huja kama bapa la kilo moja, mafuta asilimia 84, na imetengenezwa kwa ajili ya feuilletage, kinyunya cha matabaka kinachotoa mille-feuille (keki ya matabaka na krimu) na vol-au-vent (kikombe cha kinyunya chenye kujazwa). Siagi ya kawaida ya Ufaransa ina asilimia 82. Tofauti yenyewe utaiona kwenye mkunjo wa nne: ya kawaida imeshaanza kulainika na kutokeza pembeni, hii bado inatandazika sawasawa na kinyunya.

Vipimo vyangu: unga wa ngano gramu 500, chumvi 10, maji baridi 240, siagi iliyoyeyushwa 60. Kinyunya kikishapoa vizuri, nafunga ndani yake gramu 375 za bapa, nasukuma mstatili, naukunja uwe tabaka tatu, nageuza robo. Mikunjo ni sita, na kila baada ya miwili naweka kwenye friji angalau dakika 30. Hapo unapata tabaka 729 za siagi.

Usiisukume siagi ikiwa imetoka tu kwenye friji. Itavunjika vipande ndani, matabaka yakatike, na kwenye oveni mafuta yamwagike. Igonge kwa kifimbo cha kusukumia hadi ipinde bila kupasuka, kama nyuzi 14 hivi. Ukiiacha ilainike kupita kiasi, inanyonywa na unga na unabaki na kitu kama biskuti.

Wengi husema aliyebuni kinyunya hiki ni Claude Gelée, mchoraji wa karne ya 17. Mimi sikubali. Hati ya askofu wa Amiens, mji wa Ufaransa, ya mwaka 1311 tayari inataja keki za matabaka, na Wahispania walichapisha hojaldre, kinyunya chao cha matabaka, mwaka 1607. Maelekezo ya Kifaransa ya kufunga siagi na kukunja yalichapishwa Paris mwaka 1653, na Carême, mpishi maarufu wa Kifaransa, akaja kuyasafisha mwanzoni mwa karne ya 19.

Kasoro? Bei, na ladha iliyopoa kidogo ukilinganisha na siagi iliyochachushwa. Pia joto la jikoni likizidi nyuzi 25 hata hii haivumilii. Fanya kazi alfajiri. Kata kwa kisu kikali, na yai la kupaka juu lisiguse kingo, kwani litagandisha matabaka na kinyunya kitainuka upande mmoja. Kwa tati za kawaida siinunui, siagi ya dukani inatosha.