Uzoefu wangu: kusajili mashairi ya harusi kwenye Bodi ya Hakimiliki nikiwa Lamu

Niseme mapema ili msomaji asipoteze muda wake: cheti cha usajili hakikupi hakimiliki. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika au kurekodi. Unachokipata kwa kusajili ni ushahidi, na kwa mtu wa kazi yangu ushahidi ndio uliokuwa ukikosekana.

Mimi hutunga mashairi ya harusi hapa Amu, yaani Lamu. Mwenye harusi huja na majina ya maharusi, nasaba za pande mbili na sifa anazotaka zitajwe, nami humtungia. Siku hizi wengi hawataki karatasi, wanataka sauti kwenye WhatsApp. Sauti ikitoka hapa mtaa wa Langoni asubuhi, jioni iko Mombasa, na jina langu limeachwa njiani. Kuna bendi moja, sitaitaja, iliimba beti zangu ikabadilisha majina ya maharusi tu. Nilipouliza, mkubwa wao akanijibu kwa adabu zote, "Bi, shairi hili la zamani, tumelikuta kwa watu." Nikakosa la kumwonyesha.

Anayesajili ni Bodi ya Hakimiliki Kenya, wengi huiita KECOBO, iliyo chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Makao yake yako Nairobi, lakini mtu wa kisiwani halazimiki kuvuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, akapande basi, kwani usajili hufanywa mtandaoni. Unafungua akaunti kwa kitambulisho chako, unajaza jina la kazi, la mtunzi na la mwenye haki, unachagua aina ya kazi, unapakia nakala. Ikikubaliwa, cheti hukipata humo humo. Sehemu hii haikunisumbua, sitaieleza zaidi.

Jasho lilinitoka kabla ya fomu. Sheria hailindi shairi lililo kichwani. Lazima liwe limeandikwa, limerekodiwa au limehifadhiwa kwa namna nyingine inayoshikika. Mashairi yangu mengine yalikuwa kwenye madaftari, mengine kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofunzwa nyumbani, mengine ni sauti tu ndani ya simu za watu. Ilibidi niwaombe wenye harusi wanirudishie sauti zangu mwenyewe! Nikayakusanya kuwa muswada mmoja wenye jina moja, na pesa zangu nyingi zilikwenda kwa kijana wa saiba, duka la kompyuta, aliyeyachapa. Yeye ndiye aliyeniuliza swali la maana kuliko yote: "Mama, hii tutie fasihi ama muziki?"

Fasihi, kwa sababu maneno ndiyo yangu. Wimbo mmoja una matabaka: maneno ya mtunzi, lahani ya aliyeitunga, na ile rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharimia studio. Kila tabaka lina haki yake. Mwenye rekodi akisema "wimbo ni wangu" huenda anasema kweli kuhusu rekodi, na bado maneno yakawa si yake.

Sasa jambo ambalo lingenitosha hata kama nisingepata cheti. Kwa sheria ya Kenya, kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Soma tena, wewe mtunzi mwenzangu, nawe mpiga picha wa harusi. Karibu mashairi yangu yote yameagizwa! Kinachobaki kwangu bila mapatano ni haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, hiyo haiendi na malipo. Lakini kuyachapa kitabu, kuyauzia bendi, kuyatia kwenye mtandao, hayo mwenye harusi angeweza kuniambia si yako tena.

Kwa hivyo nina karatasi fupi siku hizi. Inasema mashairi ni ya mtunzi, na mwenye harusi ana ruhusa ya kuyasoma, kuyaimba na kuyarekodi katika harusi ile. Tunatia sahihi sote wawili. Shangazi wa bibi harusi mmoja alicheka sana. "Bi, sasa hata harusi ina mkataba?" Nikamwambia, "Na mahari je, shangazi, hayaandikwi?" Akaomba kalamu. Kwa mashairi ya nyuma nilisajili yale tu ambayo wenyewe walikubali kunitilia sahihi, na yale niliyojitungia kwa raha zangu.

Yako niliyoyaacha kando kusudi. Nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, tulizozikuta kwa nyanya zetu si zangu hata nikiziimba vizuri namna gani. Hizo ni mali ya jamii na zina sheria yake ya mwaka 2016, ya maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Mizani ya nane kwa nane haina mwenyewe. Na wazo la kumsifu bibi harusi kwa asumini litumie utakavyo. Beti zangu ndizo zangu, asumini ni ya kila mtu. Watunzi wa kale wa huku walijilinda kwa njia yao: walitia jina lao katika beti za mwisho za utenzi. Nimeirudia desturi hiyo, tena ndani ya kina, ili anayetaka kuling'oa jina avunje vina vyake.

Usajili huu naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu cheti hakitakwenda kumfukuza mwizi. Hutolewa kwa maelezo yako mwenyewe, na mwingine akileta ushahidi wenye nguvu zaidi kinaweza kuanguka, kwa hivyo sijatupa madaftari wala zile sauti zenye tarehe. Kudai ni juu yako. Bendi ile nimeshawatumia nakala ya cheti na beti zangu. Wametia jina langu chini ya video, mazungumzo ya pesa yanaendelea.

Kwa wanaoniuliza kuhusu muda: mashairi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake, basi waambieni watoto cheti kiko wapi. Picha ni tofauti, hesabu yake ya miaka 50 hufuata kupigwa au kutolewa kwa picha, haifuati umri wa mpigaji. Na fundi mwenye umbo jipya la kiti au pambo la kofia analotaka kulitengeneza kwa wingi aulizie pia KIPI, taasisi ya mali ya viwanda, kwani huko ndiko yanakosajiliwa maumbo ya bidhaa.