Mtego wa mbao, gundi na sumu ya vipande: uzoefu wangu na panya wa darini

Nyumba ninayoizungumzia ni ya kawaida kwa Dar es Salaam: bati juu, dari ya jipsamu, jiko lenye mlango wa nyuma, na mwembe ulioinamia paa. Panya wanaokaa humo ni wale weusi, wapandaji hodari wenye mkia mrefu kuliko mwili, siyo wale wanene wa mitaroni. Ukiweka mtego chini ya sinki wakati panya wanapita juu ya kenchi, utaamka kila siku na mtego mtupu na kuulaumu bure. Nimetumia mtego wa mbao wenye springi, gundi ya kunasia panya inayofunguka kama kitabu, sumu ya vipande na kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi. Ninaoendelea kuununua ni mtego wa mbao.

Upo wa saizi mbili. Mdogo, wa sentimita 10 hivi, ni wa vipanya vya kabatini. Panya mkubwa huupokea kama kofi na kwenda zake. Chukua ule mkubwa, karibu sentimita 17 kwa 8. Ya plastiki yenye meno ni rahisi kutega na haiumi vidole, ila mingi niliyoishika ina springi dhaifu.

Chambo changu ni nazi kavu. Kata kipande kama punje ya hindi, kichome kwenye moto mpaka kingo ziwe kahawia na mafuta yaanze kutoka, kisha kifunge kwa uzi kwenye ulimi wa mtego, mizunguko miwili mitatu, ukaze. Usipofunga, panya atakichomoa taratibu na mtego utabaki umetegwa vilevile. Dagaa wa kukaanga nao wanafaa, lakini siafu na sisimizi huwamaliza kabla ya usiku wa manane. Kipande kisiwe kikubwa: panya ataking'ata kwa pembeni, na mkono wa chuma utampiga puani badala ya shingoni.

Panya hukiogopa kitu kigeni njiani kwake. Kwa hiyo weka mitego na chambo bila kuitega kwa siku kadhaa, mpaka uone nazi inaliwa, ndipo uitege yote usiku mmoja. Kutega mmoja leo na mwingine wiki ijayo ni kuwafundisha waliobaki. Ukutani, mtego ukae kama herufi T, ulimi ukigusa ukuta, maana panya hutembea akiambaa ukuta. Weka kila baada ya mita 3 hadi 5, pale ulipoona mavi au michirizi myeusi ya grisi. Darini, ufunge kwa waya kwenye mbao ya kenchi, maana panya aliyebanwa mguu huuburuta mpaka kwenye kona usikofika mkono, na harufu utaisikia wewe.

Kasoro zake zipo. Hewa ya pwani huishika springi kutu. Tone la mafuta ya kula kwenye springi linatosha. Mtego ukifyatuka mtupu mara kwa mara, ulimi uko mwepesi mno: sogeza kijiti cha kushikilia ndani kidogo. Kama una mtoto anayetambaa, uingize ndani ya boksi lenye tundu la kupitia panya tu.

Gundi inasifiwa sana na wauzaji wa barabarani. Ikiwa mpya na sehemu ni kavu, inanasa kweli. Shida ni vumbi, ambalo huiua makali haraka, na joto la chini ya bati linaloifanya ilegee na kuchuruzika. Panya mkubwa hujivuta akaacha manyoya. Mdogo hulia usiku kucha, na asubuhi kazi ya kummaliza ni yako. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na kwenye gundi utakuta mjusi kabla ya panya. Mjusi mtoe kwa kumpaka mafuta ya kula. Gundi naitumia nyuma ya friji tu, kwa vipanya.

Vipande vya sumu, vile vya buluu au vyekundu vyenye bromadiolone (sumu inayozuia damu kuganda) asilimia 0.005, vinafanya kazi, lakini polepole: panya hufa baada ya siku 3 hadi 7 kwa kuvuja damu ndani. Watu hawaoni maiti kesho yake, wanadhani ni feki, wanaongeza sumu nyingine juu yake. Na panya hafi unapotaka wewe. Atafia juu ya jipsamu. Paka akimla, naye yuko hatarini. Nje ya nyumba, ndani ya boksi linalofungwa, sawa. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali haraka na pakiti yake mkononi, kwani matibabu, ikiwemo vitamini K1, hutegemea aina ya sumu. Vichupa visivyo na lebo vya mitaani sivigusi kabisa: hujui kilichomo, na daktari naye hatajua.

Kifaa cha soketi kinachotoa sauti tusiyoisikia: sauti hiyo haipenyi ukuta wala dari, na panya huizoea. Pesa hiyo inunue mitego.

Wakishapungua, ziba. Kipanya hupita tundu la milimita 6, na panya wa darini huhitaji tundu kubwa zaidi, la milimita 12 hivi na kuendelea. Kwenye mabomba sokota stiliwaya ya sufuria, ishindilie, kisha piga saruji na mchanga kwa uwiano wa moja kwa tatu. Povu la kuzibia peke yake hutafunwa. Mawimbi ya bati juu ya ukuta ndiyo mlango mkuu, na matawi ya mwembe ndiyo daraja, yakate. Mavi usiyafagie makavu: yaloweshe kwa jiki, kikombe kimoja kwa tisa vya maji, subiri dakika tano, futa ukiwa na glavu.

Kabla ya kulipia mtego wa mbao, utege palepale dukani na uufyatue kwa kijiti cha unene wa penseli. Kijiti kisipovunjika au kuachwa na alama ya kina, omba mwingine.