Laini ya simu ya huduma za jamii wakati wa mlipuko wa ugonjwa: una shida moja utafurahi, una nne jipange

Nawapa nyota tatu kati ya tano na ntaeleza kwanini sio mbili na kwanini sio nne, maana naona watu humu wanasifia tu au wanaponda tu na wengine hata kupiga hawajawahi.

Kwa asiyejua, ni namba moja ya bure, unapiga, nyuma yake kuna watu wa afya, ustawi wa jamii, wanaogawa chakula, watu wa maji na volontia wa mitaani, na ahadi yao ni kwamba huna haja ya kujua ofisi gani inahusika na nini, we sema shida yako wao watajua pa kuipeleka. Wazo lenyewe sio jipya. Marekani walitenga namba 211 kwa kazi hiyo tangu mwaka 2000, na Sierra Leone wakati wa ebola watu walipiga 117 kutoa taarifa za mgonjwa au za maiti inayohitaji kuzikwa salama. Kwahiyo wanaosema ni mambo ya kubuni-buni tu, hapana, kitu hiki kinafanya kazi kikishikwa vizuri.

Sa mimi nilipiga nyumba yetu ilipowekwa karantini. Mama ana presha na dawa zilikuwa zinaishia, chakula kilikuwepo cha kubangaiza, maji tunachota nje ambako haturuhusiwi kwenda, na kazini wanataka barua ya kuthibitisha kwamba sijatoroka kazi nimefungiwa ndani. Shida nne, nyumba moja.

Nianze na mazuri kwasababu yapo na ni ya kweli. Mhudumu alipopokea, kabla hata sijaeleza chochote akasema simu ikikatika nikupigie namba hii hii? Kitu kidogo lakini mtu mwenye salio la kuungaunga anaelewa. Af akaniuliza kuna mtu hapo karibu anakusikia, jibu ndiyo au hapana tu. Mi nikacheka kidogo nikasema hapana niko na mama tu, baadaye ndo nikaelewa kwanini wanauliza. Mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kuna wanawake walifungiwa na wanaowapiga, mpaka katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, mwezi wa nne mwaka ule akatoa wito wa kusitisha ukatili majumbani, na visiwa vya Canary kule Hispania wakaweka neno la siri, mwanamke anaingia famasi anaomba "Mascarilla 19", yaani barakoa 19 kwa Kihispania, na muuza dawa anajua hapa sio barakoa inayotafutwa, anaita msaada. Kwahiyo lile swali la ndiyo na hapana lina watu wake. Aliyewafundisha wale wahudumu kuuliza vile mpeni maua yake.

Dawa za mama nazo zilienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Muuguzi alipiga mwenyewe, akamwambia mama asome jina lililoandikwa kwenye pakiti herufi kwa herufi, akauliza anakunywa asubuhi au jioni, akauliza mara ya mwisho alipimwa lini. Volontia akaja, akaweka mfuko mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga simu akiwa pale pale nje, akasubiri mama atoke auchukue na asome tena lile jina kwa sauti. Na dawa zilikuwa za miezi mitatu sio za wiki mbili. Hii ndo akili, wakati wa corona hata wanaotumia ARV sehemu nyingi walipewa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo ili wasirudi-rudi kupanga foleni na wagonjwa. Hapo kwenye dawa tu ningewapa zote tano na ya sita ya kukopa.

Sa tuje kwenye chakula, maji na barua, hapo ndo utajua kwamba namba ni moja lakini watu nyuma yake hawaongei.

Kwa chakula nikaunganishwa na watu wengine, nikaanza upya, jina, mko wangapi, nani anaumwa, tangu lini, nyumba iko wapi. Sawa. Kwa maji nikaunganishwa na wengine tena, jina, mko wangapi, nani anaumwa. Kwa barua nikapewa namba ya ofisi nijipigie, na ile ofisi ilishafungwa kwasababu ya ugonjwa huo huo, simu inaita mpaka inachoka. Yaani orodha wanayotumia imeandikwa kabla ya mlipuko na hakuna aliyekaa akapiga namba moja moja kuona ipi bado inapokelewa. Hii kazi ya mtu mmoja na simu na asubuhi moja jamani.

Kituko zaidi, chakula kikaletwa na makundi mawili tofauti siku ile ile, wote wana fulana, wote wanataka nisaini, na jirani yetu wa nyuma ambaye naye alikuwa karantini hakuletewa kitu. Tukampitishia juu ya ukuta. Sio kwamba chakula hakikuwepo, kilikuwepo tena cha kuzidi, ila hakuna aliyejua mwenzake anaenda wapi. Watu wa misaada wana jedwali lao la siku nyingi la nani anafanya nini, wapi na lini, safu nne tu, unaweza kuchora hata kwenye daftari. Kila asubuhi makundi yote yanajaza, mratibu anaangalia mtaa gani umejazana na mtaa gani mtupu. Kama lipo basi hawaliangalii, kama halipo sielewi wale waratibu wanaratibu nini.

Na wasilione hili dogo. Karantini ya corona mwanzoni ilikuwa siku 14, ya ebola ni 21, na hizo siku mtu hawezi kuzimaliza ndani bila maji hata umtishe na polisi. Viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye dharura vinasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na usafi, na hapo hujaongeza ule unawaji mikono wa ziada tunaohubiriwa kila saa. Sierra Leone kipindi cha ebola kuna familia zilitoka kwenye nyumba zilizozuiwa kwenda kutafuta chakula na maji, watu wakawaita wakaidi. Ukaidi gani, mtoto analia kiu. Wa kwetu walileta maji ila walikuja wamechelewa, na huko nyuma mi nishamwomba kijana wa jirani atuchotee aache ndoo getini, kitu ambacho kwa sheria zao wenyewe hakitakiwi.

Lingine ambalo limenikera kuliko yote ni siri za watu. Orodha ya nyumba zilizo karantini ilirushwa kwenye grupu la wasapu la volontia, na grupu la watu wengi hivyo halina siri, kufika jioni mtaa mzima unajua nani kapimwa na majibu yamekuwaje. Najua watanijibu bila kupeana taarifa hamna uratibu, nakubali, lakini mleta chakula anahitaji kujua mlango upi na midomo mingapi, basi, majibu ya vipimo ya nini? Muuguzi ndo anayahitaji. Mleta maji hahitaji hata jina langu. Na hasara yake sio aibu tu, kuna mama mmoja mtaani alikuwa na homa akakataa kabisa kupiga kwasababu ya ile orodha, sa huo ugonjwa mtaudhibiti vipi kama wagonjwa wanawakwepa nyie?

Nikilinganisha kilichoenda vizuri na kilichoharibika, tofauti naiona moja tu. Kwenye dawa kuna mtu alibaki na kesi yangu, alipiga kabla, volontia akapiga akiwa mlangoni, na kesho yake muuguzi akapiga tena kuuliza mama ameanza kunywa. Kwenye yale mengine nilipewa namba na kutakiwa kila la heri. Kumpa mtu namba sio kumhudumia. Aliyefungiwa ndani na mgonjwa hana nguvu ya kuzunguka kwenye simu kutoka ofisi hadi ofisi, na ukimwachia yeye kazi ya kuunganisha, ina maana mratibu ni yeye, wenye mshahara wa uratibu wanafanya nini?

Kwahiyo ushauri kwa mnaotaka kupiga. Kama shida yako ni moja, hasa dawa au ushauri wa dalili, piga hata sa hivi, utahudumiwa vizuri. Kama una shida kadhaa zitaje zote mwanzoni kabisa kabla hawajakurusha kwingine, omba namba ya kesi, na uliza nani atanipigia na saa ngapi, usikubali "watakupigia", watakupigia ni nani? Andika pembeni. Ukipewa namba ya ofisi mwambie mhudumu aipige yeye kwanza wewe ukiwa hewani, mi nilijaribu hiyo mara ya pili na yule dada akaipiga kweli, akasikia mwenyewe inavyoita bila kupokelewa, akasema ngoja niifute.

Barua ya kazini mpaka naandika hapa sijaipata. Karantini imeisha, mama mzima, bosi bado ananiangalia kwa jicho la pembeni, na nikiuliza naambiwa kesi iko wazi inashughulikiwa.