Barua ya Wizara au Nyaraka za Taifa?

Mtafiti wa Dodoma anayetaka kuthibitisha utumishi wa kijeshi wa kiongozi wa umma ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiandikia Wizara ya Ulinzi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: jibu linatakiwa ndani ya siku 30, lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa zinazogusa usalama wa taifa au faragha ya mtu, na jalada la askari laweza kuangukia kote kuwili. Ya pili ni nyaraka za taifa, ambazo kwa sheria ya mwaka 2002 kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa aliyestaafu jeshi miaka ya 1970, ningeanza huko. Kwa aliye bado madarakani, ningeandika barua, nikiomba cheo na tarehe tu, si jalada zima.