Shuga ya 2009: mtazame Lupita kabla ya Oscar

Nafundisha maigizo kwa vijana hapa Mombasa, na kila nikipokea kundi jipya lazima mmoja aulize Lupita Nyong'o alianzia wapi. Wengi wao wanalijua lile gauni la buluu la usiku wa Oscar wa 2014, basi. Mimi huwawashia Shuga, msimu wa kwanza, tamthilia iliyopigwa Nairobi ikatoka mwishoni mwa 2009. Inapatikana YouTube bila malipo, gharama yako ni bando tu.

Kwanza ujue unatazama kitu gani. Hii ni tamthilia ya kampeni. MTV Staying Alive Foundation waliitengeneza wakisaidiwa na PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na Ukimwi, na UNICEF, ili vijana wazungumze kuhusu Ukimwi, kupima na kujikinga. Ina sehemu tatu, jioni moja unaimaliza. Kwa hiyo kuna mahali ujumbe unamtangulia mhusika, unamwona mtu akisema jambo kwa sababu wenye kampeni walitaka lisemwe. Pia Kiingereza ni kingi mno kwa hadithi ya vijana wa Nairobi. Nawajua wanafunzi wa chuo wa mji ule, na wakigombana hawagombani kwa Kiingereza kilichonyooka hivyo. Hapo ndipo ninapoikata nyota moja kati ya tano.

Nne zilizobaki, mbili ni za Lupita peke yake.

Anacheza Ayira, msichana mwenye malengo makubwa, ana mpenzi wake Ty, na pembeni yuko na mwanamume aliyemzidi umri, mwenye nafasi na fedha. Mhusika wa namna hii tumeshamwona mara nyingi kwenye runinga zetu: msichana wa tamaa, anaadhibiwa mwishoni, watazamaji wanapiga makofi. Lupita hakubali kumcheza hivyo. Ayira wake ana akili, ana haya, anampenda Ty kweli, na bado anafanya anachokifanya.

Kuna zoezi ninalolipenda. Nawazimia vijana sauti kabisa, wabaki na picha tu, halafu nawauliza huyu dada anataka nini. Binti mmoja, mkimya kuliko wote darasani, alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, huyu anapiga hesabu." Ndivyo hasa. Ukimtazama Ayira wakati mwenzake anazungumza, utaona jibu linaandaliwa usoni, linarudishwa, linaandaliwa tena. Waigizaji wetu wengi wachanga wakimaliza mstari wao wanazima, wanangoja zamu. Yeye hazimi. Kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kulia, na alikuwa anaiweza tayari, na masomo ya uigizaji chuo kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa bado hajamaliza.

Hakuibuka tu, lakini. Akiwa na miaka 14 alimcheza Juliet Nairobi, pale kwenye kundi la maigizo la Phoenix Players. Wakati filamu ya The Constant Gardener inapigwa Kenya, iliyotoka 2005, alikuwa miongoni mwa vijana wa kazi za nyuma ya kamera, wale wa kutumwa huku na kule. Hapo ndipo Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, alipomwambia aingie uigizaji ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kazi hiyo. Mwaka uleule wa Shuga alitoa In My Genes, filamu yake ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, na akaongoza video ya Wahu na Bobi Wine, The Little Things You Do. Hii ndiyo sehemu ninayowakazia vijana wangu kila mara: alibeba vifaa, akaongoza, akahariri, akaigiza, hapahapa kwetu. Na kumbuka baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu mwaka huo. Kukubali kucheza msichana mwenye wapenzi wawili, katika tamthilia ya Ukimwi, ukiwa binti wa waziri huyo, kwa jamii yetu hii ya kusemana, kunahitaji moyo. Namheshimu sana kwa hilo.

Ukishaimaliza, tafuta 12 Years a Slave ya 2013 uitazame wiki hiyohiyo, uso wa Ayira ungali kichwani. Nenda pale Patsey, mtumwa anayechezwa na Lupita, anaporudi shambani na kipande cha sabuni. Bibi mwenye nyumba amemnyima sabuni, naye ndiye anayechuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, kwa hiyo amekwenda kuiomba shamba jirani ili ajioshe. Anakishika kile kipande, anajieleza mbele ya bwana wake, Epps, aliyejaa hasira. Kabla ya viboko, tazama macho yake yanavyomsoma Epps, neno kwa neno. Ni msikilizaji yuleyule wa Nairobi, sasa amepewa mhusika wa kumtosha.

Ushauri wangu kwa mwenye kutaka kuitazama: usianze na msimu wa tatu, huo ulihamia Nigeria na Lupita hayumo. Anza na wa 2009, kisha ule wa pili wa 2012, ambao bado ni wa Kenya. Vaa spika za masikioni, maana maneno mengine yanamezwa na muziki. Ina mambo ya chumbani, kwa hiyo si ya kuwashwa sebuleni watoto wa shule ya msingi wakiwa wamekaa. Ila ukiwa na kijana wa miaka 16 au 17 nyumbani, keti naye muitazame pamoja, na akiuliza swali mjibu palepale.