Mapitio: 1984 ya George Orwell, kwa macho ya mtunza magazeti

Ukimtajia kijana wa hapa Dar jina la Big Brother, atakumbuka lile jumba la kwenye televisheni na Idris Sultan alivyoibuka mshindi mwaka 2014. Simlaumu. Jina la kipindi limetoka kwenye riwaya hii, na hata wanaoijua riwaya yenyewe, wengi wanakumbuka kamera tu: dola inakuona, kuta zina macho, basi. Kwangu mimi kitabu kinastahili umaarufu wake, ila watu wanakisifia pasipo penyewe.

Niseme kwanza nimekisomaje. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maktaba ya gazeti, chumba cha nyuma chenye majalada ya matoleo ya zamani, vumbi, na feni iliyokuwa ikizunguka inapopenda. Kwa hiyo sehemu iliyonishika si chumba cha mateso namba 101 na panya wake, ingawa kurasa zile usizisome ukiwa unakaribia kulala. Iliyonishika ni sura ya nne ya sehemu ya kwanza, mhusika mkuu Winston Smith akiwa mezani kwake Wizara ya Ukweli.

Kazi yake ni kusahihisha magazeti yaliyokwishatoka. Serikali iliahidi kwamba mgawo wa chokoleti hautapunguzwa mwaka ule, na sasa unashuka kutoka gramu 30 hadi 20. Winston analichukua toleo la zamani, ile ahadi anaigeuza kuwa tahadhari kwamba huenda mgawo ukapungua mwezi wa nne. Gazeti linachapwa upya, la mwanzo linachomwa, jipya linawekwa kabatini kana kwamba ndilo lililokuwapo siku zote. Sura inayofuata, inatangazwa kuwa watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, yaani Big Brother, kiongozi wa dola hiyo, kwa kupandisha mgawo hadi gramu 20! Na jirani yake Parsons, yuko pale kantini, anaimeza habari pamoja na mchuzi.

Maagizo anayopewa Winston hayamwambii hata siku moja aghushi. Yanasema pana makosa ya uchapaji, nukuu imekosewa, rekebisha. Aliyewahi kukaa chumba cha habari anaifahamu lugha hiyo.

Halafu kuna Ogilvy. Hotuba ya zamani ilimsifia mtu ambaye sasa ameshatoweshwa, kwa hiyo anatakiwa shujaa mwingine wa kujaza nafasi. Winston anamtunga kutoka hewani: askari aliyekufa vitani akiwa na miaka 23, ambaye utotoni alikataa vitu vyote vya kuchezea isipokuwa ngoma, bunduki na helikopta. Anafikiria kumpa na nishani, kisha anaacha, kwa sababu nishani ingelazimisha kumbukumbu nyingine nyingi zirekebishwe nazo zilingane. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mwandishi. Hilo ni wazo la karani halisi, mvivu kidogo na mjuzi wa kazi yake. Tena kitabu kinasema wazi kwamba hakuna kinachompa Winston raha kuliko kazi hii. Anaichukia serikali na anaipenda kazi yake, vyote kwa pamoja, na sijaona mapitio mengi yanayolitazama hilo.

Orwell alizijua ofisi. Kati ya 1941 na 1943 alikuwa BBC akitayarisha vipindi vya kwenda India, na mkewe alifanya kazi kwenye idara ya serikali iliyochuja habari wakati wa vita. Kitabu alikimalizia kisiwani Jura, Scotland, huku kifua kikuu kikimla. Kilitoka Juni 1949, naye akafariki Januari 1950.

Kwenye maktaba yetu nimefungua majalada mara nyingi nikakuta ukurasa umekatwa kwa wembe. Mara nyingi ni picha ya Simba na Yanga, mara chache ni habari ya mkubwa fulani. Lakini kisiki cha karatasi kinabaki kwenye mshono, na ukikiona unajua hapa palikuwa na kitu. Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipoangushwa huko Urusi mwaka 1953, walionunua Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mbadala, zenye maelezo marefu ya Bahari ya Bering, waondoe kurasa zake na kubandika hizo. Hata wao waliacha mshono. Wizara ya Winston haiachi, na tovuti za habari za leo nazo haziachi: kichwa cha habari cha asubuhi si cha jioni, na mara nyingi hakuna mstari unaokuambia kimebadilishwa. Mwaka 2009 Amazon ilikifuta kitabu hiki hiki kutoka kwenye Kindle, vile vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, za watu waliokwishakilipia, kisa muuzaji hakuwa na haki. Pesa zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Mimi tangu hapo nanunua karatasi.

Kasoro zipo. Katikati, Winston anasoma kitabu cha Goldstein, adui mkuu wa serikali, na sisi tunalazimishwa kukisoma naye, kurasa na kurasa za nadharia. Julia, mpenzi wake Winston, anapitiwa na usingizi, na kusema kweli namwelewa. Julia mwenyewe amechorwa kwa haraka. Mwanamke mwenye ujasiri kama ule, kumfanya hana hamu ya jambo lolote nje ya mapenzi na kuvunja sheria ndogondogo ni uvivu wa mwandishi. Na wale wanyonge, asilimia 85 ya watu wote, wanaimba, wanafua na kucheza bahati nasibu, hawapewi akili. Kuhusu simu zetu kuwa zile skrini za kupeleleza, limeshasemwa hadi limechuja.

Sehemu ya tatu inarudisha nguvu zote. Parsons yuko mahabusu, ameripotiwa na binti yake wa miaka saba, na anajivunia malezi aliyompa.

Kama Orwell unamjua kwa Shamba la Wanyama tu, ile tafsiri ya Kawegere, jiandae: hapa hakuna kucheka wanyama. Kurasa za Goldstein unaweza kuzipitia juu juu. Hakimiliki Uingereza iliisha mwisho wa 2020, kwa hiyo matoleo ya bei rahisi ni mengi. Fungua mwisho uone kama kiambatisho kuhusu Newspeak, lugha iliyobuniwa na serikali ya riwayani, kimo, na uangalie ukubwa wa herufi kabla hujalipa. Nyota nne kati ya tano.