Kipima hewa cha Luthuli na ramani za kwenye simu: tathmini ya kocha wa Lunga Lunga

Kifaa ninachokizungumzia, cha kupima uchafu wa hewa, nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, mwezi wa pili kwa shilingi 6,500, baada ya kuvutana na muuzaji kutoka 8,000. Hakina jina la kampuni. Ni kidude cheupe kinachotosha kiganjani, kioo mbele, matundu ya feni nyuma, na juu ya kioo kimeandikwa PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za vumbi na moshi. Nimekitumia miezi sita, karibu kila siku, nikikilinganisha na ramani za hewa zilizo kwenye simu. Naandika kwa mzazi, mwalimu au kocha anayeishi karibu na viwanda, anayejiuliza kama atoe pesa hizo au ashike ramani ya bure.

Mimi nafundisha soka watoto wa chini ya miaka 12 huku Mukuru, upande wa Viwandani. Uwanja wetu ni wa vumbi tupu, hauko mbali na Lunga Lunga Road, na ukisimama golini unaona mabati ya Industrial Area na mabomba ya moshi yakiwa yamejipanga. Kwa miaka minne mazoezi ya Jumamosi yalianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu sote tuliamini hewa ya alfajiri ndiyo safi. Watoto wawili katika timu wana pumu. Januari mmoja wao, beki wangu wa kushoto, alichuchumaa katikati ya mazoezi, kifua kikilia kama filimbi. Nilimbeba mgongoni hadi kwa mama yake. Jioni yake ndipo nilipofungua ramani ya hewa kwa mara ya kwanza maishani.

Niliyoifungua ilikuwa ndani ya programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu. Iliandika Nairobi, ikaweka rangi ya kijani, ikasema hewa ni nzuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiuona moshi umelala juu ya mabati ya jirani.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ramani za hewa ziko za aina mbili, na hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla ya kununua chochote. Aina ya kwanza haina kipimo chochote mtaani. Kompyuta inachukua picha za setilaiti, upepo na makadirio ya moshi, inapiga hesabu, kisha inapaka rangi nchi nzima. Modeli ya dunia ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti, kwa mfano, inagawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 40 kila upande. Mraba wa ukubwa huo unaweza kuzimeza Karen yenye miti na Mukuru yenye moshi kwa pamoja, ukatoa rangi moja. Hesabu hiyo ina kazi yake, hasa kwa vumbi linalosafiri mbali. Lakini kumwambia beki wangu kama akimbie au asikimbie, hapana.

Aina ya pili ni ramani ya vitone, na kila kitone ni kifaa halisi kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo. Hii ndiyo ya kutafuta. Mfano ni AirQo, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015. Vifaa vyao vimeundwa kwa ajili ya miji yetu, yaani vumbi, joto na umeme wa kukatika, na usomaji wake husahihishwa kwa kulinganishwa na mashine kubwa za gharama. Nawaheshimu sana kwa hilo. Ukifungua ramani ya vitone usitazame rangi kwanza. Tazama kitone kilicho karibu nawe kiko wapi, na kilisoma lini mara ya mwisho. Kitone kilicho kilomita sita kutoka kwako kinakusimulia habari za wengine.

Basi nikanunua kidude changu ili uwanja wetu nao uwe na kitone chake.

Siku ya kwanza kidogo nikirudishe dukani. Kilisoma 34, huku ramani moja ikiniandikia 97. Nikadhani nimeuziwa takataka. Kumbe vyote viwili vilikuwa vikisema jambo lilelile. Kidude kinasoma maikrogramu za chembechembe katika mita moja ya ujazo ya hewa, chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, ambazo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Ramani ile ilikuwa imegeuza namba hiyo kuwa alama za Kimarekani za ubora wa hewa, AQI, ambazo huanzia 0 na kupita 300. Maikrogramu 34 ni alama 97. Kabla ya kulinganisha vifaa viwili, soma maandishi madogo chini ya namba. Wazazi wengi wa timu waliniletea simu zao wakiwa na hofu, au wakiwa wametulia mno, kwa sababu ya kuchanganya namba hizi mbili tu.

Na rangi nazo zina mwenyewe. Alama 97 bado ni njano, na neno linaloandamana nayo ni la upole, kitu kama "wastani". Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15, na wa mwaka mzima usizidi 5. Maana yake ile njano ya siku yangu ya kwanza, kama ingedumu mchana na usiku, ingekuwa zaidi ya mara mbili ya kikomo. Hata Wamarekani wenyewe walibana mizani yao Mei 2024, kijani ikaishia maikrogramu 9 badala ya 12. Mimi sasa sitazami rangi kabisa. Nasoma maikrogramu na kuziandika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo limenilipa zile 6,500. Nakopi siku moja ya Julai kama nilivyoiandika: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 68. Saa tatu, 51. Saa sita mchana, 24. Saa tisa alasiri, 19. Saa mbili usiku, 57. Siku baada ya siku umbo ni hilohilo, hata namba zinapobadilika. Usiku wa baridi ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini, na hewa yenye joto kidogo inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa majiko ya makaa, wa matatu na malori ya alfajiri, na wa viwanda vinavyokesha, vyote vinabaki chini ya mfuniko huo. Jua likishapanda, mfuniko unafunguka.

Nilipotangaza kwamba mazoezi yanahamia saa tisa alasiri, mama mmoja alinijia uwanjani.

"Kocha, asubuhi si ndiyo hewa safi? Mchana jua litawaua hawa watoto."

"Mama, kaa nacho wiki moja," nikamwambia, nikampa kidude. "Kiweke dirishani, si karibu na jiko."

Alikirudisha Alhamisi, kabla wiki haijaisha. Alikuwa ameandika namba zake nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu, alfajiri na alasiri. Akaniambia pia kwamba siku alipopika chapati kwa makaa, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya baridi, kioo kilipita 400. Tangu hapo jiko lake huwashwa nje, likaingizwa ndani makaa yakishashika. Ramani isingemwambia hilo kamwe, kwa kuwa hakuna ramani inayoingia chumbani mwa mtu.

Sasa kasoro za kidude, maana zipo na ni kubwa.

Kinadanganywa na ukungu. Ndani yake kuna feni inayovuta hewa, mwali wa leza, na kijicho kinachohesabu mimeto ya chembe zinapopita. Hakipimi uzito, kinaukisia. Kukiwa na manyunyu, chembe huvimba kwa unyevu na kidude kinaziona nzito kuliko zilivyo. Asubuhi za ukungu mimi huandika namba na kuweka alama ya kuuliza kando. Ramani nzuri husahihisha kosa hili kwa hesabu. Kidude hakisahihishi.

Namba ya kaboni dioksaidi iliyo chini ya kioo usiiamini hata kidogo. Nilikipulizia pumzi, ikapanda kidogo. Nikakisogezea kitambaa chenye spiriti, ikaruka hadi juu kabisa, ilhali spiriti si kaboni dioksaidi. Vidude vya bei hii hukisia namba hiyo kutokana na mivuke mingine. Muuzaji atakusifia kwamba kinapima vitu vitano. Kinapima kimoja.

Feni nayo inajaa vumbi. Mwezi wa nne namba zilianza kushuka bila sababu. Nilipofungua skrubu nilikuta utando wa kijivu, nikausafisha kwa brashi laini ya rangi, zikarudi. Betri inakaa kama saa tatu.

Lakini linaloniumiza zaidi ni lile ambalo hakioni kabisa, na vitone vingi vya ramani haviioni pia: vumbi ni la nini. Kwa leza, vumbi la barabarani na vumbi la risasi, ile metali yenye sumu, vyote ni mmeto tu. Owino Uhuru kule Mombasa, watoto waliugua kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa ubavuni mwa nyumba zao. Phyllis Omido alipigania kijiji hicho, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kilichotoa ukweli pale ni vipimo vya damu na vya udongo. Kwa hiyo vijana wanapochoma nyaya kutafuta shaba nyuma ya uwanja wetu, na kioo kikaruka hadi 300 kwa dakika ishirini, sisubiri kujua ni sumu gani. Napuliza kipenga, tunahamia upande wa juu wa upepo au tunafunga mazoezi. Kitone cha jirani kwenye ramani mara nyingi hakitikisiki, kwa sababu kinaonyesha wastani wa saa nzima na moshi umepita njia nyingine.

Je, ununue? Kama kuna kitone halisi ndani ya nusu kilomita kutoka kwako, hifadhi pesa zako, tumia ramani, na jifunze saa zake. Kama hakuna, na una watoto wa kuwaangalia, nunua kimoja mchange na majirani. Dukani mwambie muuzaji akiwashe, ukisogeze mlangoni lori linapopita, na usikilize feni: ikinyamaza, chagua kingine. Omba pia waya wa chaji, maana changu kilikuja bila.

Beki wangu anacheza dakika zote arobaini siku hizi. Dawa yake ya kuvuta inakaa kwenye begi langu, mfuko wa mbele, pamoja na kidude.